Castel del Monte: ni ngome, ni kasri, au ni hekalu la siri?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma Bari, kusini mwa Italia. Wenzangu walinipeleka Castel del Monte, lile jengo la pembe nane lililochorwa kwenye sarafu ya senti 1 ya yuro ya Italia. Aliyetutembeza alisema kaisari alilijenga liwe hekalu la elimu ya nyota. Mwenzangu akasema ni nyumba ya kuwindia. Nikasoma kwenye intaneti kwamba lilijengwa na Waarabu, na kwamba kikombe cha Yesu kilifichwa humo. Mimi niliona halina handaki la kulizunguka, halina zizi la farasi, wala sikuona jiko. Sasa ni kitu gani hasa? Na nikirudi, nitazame nini?

Jibu: Marahaba, kijana. Umetazama vizuri, na vitu hivyo vitatu ulivyovikosa ndivyo vitakavyotufungulia njia. Nikupe jibu lenyewe kwanza. Castel del Monte ni ngome ya kifalme: imo katika orodha ya miaka ya 1240 ya ngome za dola zilizopaswa kutunzwa kwa gharama ya miji ya jirani, ilikuwa na lango la kujihami, na baadaye ilikuwa gereza la kisiasa kwa zaidi ya miaka 30. Lakini aliyeijenga hakuwa na nia ya kuzingirwa ndani yake na jeshi. Aliijenga ionekane, na siku atakapofika na watu wake wachache apate mahali pa kukaa panapolingana na cheo chake. Hekalu la nyota na kikombe cha Yesu nitavigusa mbele, ila ujue mapema kwamba hakuna hati hata moja ya zama zile inayovitaja.

Tuanze na mwenyewe. Federico II alizaliwa Jesi, katikati ya Italia, tarehe 26 Desemba 1194. Baba yake alikuwa Kaisari Heinrich VI wa ukoo wa Hohenstaufen wa Ujerumani. Mama yake, Costanza, alitoka katika wafalme wa Kinormani waliotawala Sisilia na kusini mwa Italia. Mtoto akarithi kwa baba na kwa mama. Alikulia Palermo, mji uliokuwa na Walatini, Wagiriki, Waarabu na Wayahudi, ambako ofisi za babu zake Wanormani ziliandika hati kwa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Mwaka 1220 alitawazwa kaisari mjini Roma. Ujerumani aliitawala zaidi kwa mbali. Moyo wake ulikuwa Puglia, mkoa huohuo unaosoma wewe, na ni hukohuko alikofia tarehe 13 Desemba 1250.

Mwaka uleule wa 1220, akiwa njiani kurudi kusini, aliitisha baraza mjini Capua na kutoa amri nzito: ngome zote zilizojengwa na mabwana tangu kifo cha Mfalme Guglielmo II mwaka 1189 zikabidhiwe kwake au zibomolewe. Ufalme ulikuwa umekaa miaka 30 bila mkono wenye nguvu, na kila bwana alikuwa amejiinulia minara yake. Federico akaifuta hali hiyo. Tangu hapo, katika ufalme wa Sisilia, kujenga ngome ikawa haki ya mfalme. Naomba ulishike sana jambo hili, maana wengi wanaoandika kuhusu Castel del Monte hulitazama kana kwamba lilishuka toka mbinguni peke yake. Kumbe ni moja katika mtandao mkubwa wa ngome za mtu mmoja: Trani, Barletta, Gioia del Colle, Lucera, Bari penyewe, na ng'ambo ya bahari Catania, Augusta na Siracusa.

Sasa tazama tarehe. Hati ya ujenzi tuliyo nayo ni barua ya 29 Januari 1240, iliyoandikwa Gubbio na kupelekwa kwa Riccardo da Montefuscolo, hakimu mkuu wa mkoa wa Capitanata. Kaisari anamwamuru ashughulikie haraka vifaa kwa ajili ya ngome anayotaka ijengwe karibu na Santa Maria del Monte, monasteri ya Wabenedikto iliyokuwa jirani na mlima huo. Wanahistoria wamegombana juu ya barua hiyo kwa vizazi: wako wanaosema kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na wako wanaosema ilikuwa imeshafika kwenye sakafu na mapaa. Mimi naona usomaji wa kwanza ndio unaokaa vizuri zaidi na maneno ya barua, lakini kwa swali lako tofauti hiyo si kubwa. Kilicho kikubwa ni hali ya mwandikaji siku ile. Miezi kumi nyuma, mwezi Machi 1239, Papa Gregori IX alikuwa amemtenga na Kanisa. Miji ya Lombardia, kaskazini, ilikuwa vitani naye. Yeye mwenyewe alikuwa safarini na jeshi kuelekea Roma. Katikati ya hayo yote anatoa agizo la ngome mlimani, ambayo ingemalizikia kwa marumaru ya kuchongwa.

Mtu aliye vitani akijenga kwa hofu, huchimba handaki na kunenepesha kuta. Huyu alijenga jambo jingine. Alikuwa anawaambia maaskofu, mabwana na watu wa kawaida wa Puglia kwamba nchi ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe hajatikisika. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ushahidi wake mkubwa uko kwenye mawe.

Mlima una kimo cha mita 540 hivi juu ya usawa wa bahari, umekaa peke yake, na kuzunguka kote ni uwanda wa Murge unaoteremka polepole kuelekea bahari ya Adriatiki. Ukitoka Andria, mji wa jirani, unaiona ngome muda mrefu kabla ya kuifikia. Kuta kuu zina urefu wa mita 20 na kidogo; minara inazidi kidogo tu, kama mita 24. Umbo ni pembe nane, katika kila pembe mnara, na kila mnara nao una pembe nane. Ndani mna ua wa pembe nane ulio wazi juu. Kati ya ua na ukuta wa nje kuna vyumba 8 chini na 8 juu, jumla 16. Basi, hakuna zaidi. Ndiyo maana hukuona jiko wala zizi. Msafara wa kifalme wa Federico ulikuwa na makarani, wapishi, walinzi, wafuga ndege wa kuwindia, na hata ngamia na tembo. Huwezi kuupakia katika vyumba 16. Watu na wanyama wa kazi walilazimika kukaa nje, mlimani na chini yake. Walioingia ndani walikuwa wachache waliochaguliwa.

Umeambiwa pembe nane ni fumbo. Hebu tulichukue kama mafundi. Kuchora umbo la pembe nane juu ya mwamba hakuhitaji elimu ya siri. Unahitaji mambo ya zama zote: kamba, vigingi na mtu makini. Unapima mraba kwanza. Unaunganisha pembe zake kwa kamba mbili za mshazari, unapata katikati. Kisha unashika kamba yenye urefu wa kutoka pembeni hadi katikati, unaifunga kwenye pembe moja ya mraba na kuizungusha mpaka iguse pande mbili zinazokutana hapo, unaweka alama. Ukirudia kwenye pembe zote nne, umepata alama nane, na ukiziunganisha kwa mistari iliyonyooka umepata pembe nane zilizo sawa. Jaribu kwenye uwanja wa chuo, haichukui nusu saa. Mafundi wa karne ya 13 waliifanya njia hii na nyingine za namna hiyo kila siku.

Ugumu ulikuwa kwingine. Vyumba vilivyo kati ya pembe nane ya nje na pembe nane ya ndani haviwezi kuwa mraba. Ni kama nanasi lililokatwa duara, likatolewa moyo, kisha likagawanywa vipande vinane: kila kipande ni chembamba upande wa ndani na kipana upande wa nje. Sasa utakifunikaje chumba cha namna hiyo kwa dari la mawe? Wajenzi walitenga mraba katikati ya kila chumba, wakaweka nguzo kwenye pembe zake nne, wakaufunika kwa matao mawili yanayopishana, yenye mbavu za mawe zinazokutana juu kwenye jiwe moja lililochongwa. Pembetatu mbili zilizobaki kushoto na kulia wakazifunika kwa matao ya kawaida yenye ncha. Ukisimama katikati ya chumba na kutazama juu, utaiona kabisa mipaka ya mraba ule. Hii ni mbinu ya Kigothi, iliyoletwa Italia hasa na watawa wa Kisistersia kutoka Ufaransa. Haikutoka Uarabuni.

Na hapo nifike kwenye swali la Waarabu, kwa sababu lina ukweli ndani yake na lina chumvi.

Ukweli ni kwamba Federico aliishi karibu na Uislamu kuliko watawala wengi wa Kikristo wa Ulaya ya wakati wake. Waislamu wa Sisilia walipoasi, aliwahamishia kwa maelfu mji wa Lucera, hapo hapo Puglia, wakaishi huko na misikiti yao hadi mwaka 1300, Mfalme Carlo II wa ukoo wa Anjou alipouvunja mji wao na kuwauza. Wengi walikuwa askari na mafundi wa kaisari. Mwanahistoria wa Kiarabu Ibn Wasil, aliyetumwa na Sultani Baybars kwa Manfredi mwana wa Federico mwaka 1261, aliuandika mji huo kuwa mji wa Waislamu. Mwaka 1229 Federico mwenyewe aliipata Yerusalemu kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri, pasipo vita, na waandishi wa Kiarabu wanasimulia jinsi alivyozuru Kuba ya Mwamba. Jengo hilo, lililokamilika mwishoni mwa karne ya 7, ni la pembe nane. Kwa hiyo anayesema kaisari alibeba umbo hilo kichwani mwake hajasema upuuzi.

Chumvi ni kusema kwamba umbo hilo ni la upande mmoja. Federico alitawazwa mfalme wa Wajerumani mwaka 1215 mjini Aachen, katika kanisa la Karolo Mkuu ambalo kiini chake ni pembe nane. Kanisa la San Vitale la Ravenna, la karne ya 6, ni pembe nane. Mahali pa kubatizia pa Wakristo wa Italia, toka Milano hadi Firenze, palijengwa kwa pembe nane kwa karne nyingi. Na lililo zito kuliko yote: taji la makaisari lenyewe, linalohifadhiwa leo Vienna, si la duara. Limeundwa kwa mabamba 8 ya dhahabu yaliyounganishwa. Mtu aliyevikwa ukaisari, akijenga mlimani jengo la pembe nane lenye minara minane, raia wake hawakuhitaji mnajimu wa kuwafafanulia.

Kwetu pwani pia umbo hili lipo. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ina bwawa la kuogelea la pembe nane. Silitaji ili kusema Kilwa iliiga Puglia au kinyume chake. Hakuna uzi unaoziunganisha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba watawala waliopenda majengo mazuri, Wakristo kwa Waislamu, walilijua umbo hili na kulipenda. Kinachopatikana Yerusalemu, Aachen, Ravenna na Kilwa hakiwezi kuwa siri ya mlima mmoja.

Jina la aliyechora jengo halipo kwenye hati yoyote. Tunawajua baadhi ya wasimamizi wa kazi za kaisari: Riccardo da Lentini alisimamia ngome za Sisilia, ikiwemo ya Catania iliyoanza mwaka 1239, ambayo nayo ni umbo safi la mraba wenye minara ya duara. Filippo Cinardo ametajwa kwenye maandishi ya jiwe katika ngome ya Trani ya mwaka 1249. Wengine wameambatishwa na Castel del Monte kwa kubahatisha tu. Lakini ukiziweka Catania na Castel del Monte pamoja, unaona mkono wa ofisi moja: jengo linaanzia kwenye umbo la kipimo kamili, halafu ardhi inalazimishwa kulifuata. Ngome za kale za Italia zilifanya kinyume, zilifuata miamba na mabonde, zikawa na pembe za ajabuajabu.

Sasa turudi kwenye lango kuu, la upande wa mashariki, maana hapo ndipo ninapowapeleka wanafunzi wangu kwanza. Ngazi za pande mbili unazopandia ni za matengenezo ya karne ya 20, usiziwekee hesabu. Simama mbele ya fremu ya mlango. Jiwe lake ni jekundu, la vipande vya chokaa vilivyogandishwa na udongo mwekundu. Ni jiwe la mkoa huo, na lilisuguliwa likang'aa. Pembeni kuna nguzo bapa zenye mifereji ya wima, kama za mahekalu ya Kirumi. Juu yake wamelala simba wawili wa mawe, kama walivyozoea kuwekwa kwenye milango ya makanisa ya Puglia. Juu kabisa kuna pembetatu ya paa la hekalu, ya Kirumi tupu. Na chini ya pembetatu hiyo, mlango wenyewe umekatwa kwa tao lenye ncha, la Kigothi. Mafundi waliweka Roma ya makaisari, makanisa ya nyumbani na mtindo mpya wa Ufaransa katika mlango mmoja, na havigombani. Kwangu mimi hicho ndicho kipande bora kabisa cha uchongaji katika jengo zima.

Ukishashiba uzuri, sogea karibu na utazame kando ya nafasi ya mlango, ndani ya unene wa ukuta. Kuna mfereji uliochongwa toka juu hadi chini. Humo ndimo liliposhuka lango la pili, zito, lililovutwa na kuachiwa kwa kamba kutoka chumba cha juu ya mlango. Huo ni ulinzi halisi. Minara nayo ina matundu membamba ya kutolea mwanga na kurushia mishale. Na ukishaingia chumba cha kwanza, hupati mlango wa kwenda uani moja kwa moja: unageuzwa kwanza kuingia chumba cha pili, na hicho ndicho kinachokutoa uani. Anayeingia anaongozwa, anasimamishwa, anatazamwa. Utaratibu huo unaendelea jengo zima. Kuna vyumba vya kupita, vyenye milango inayotazamana, na kuna vyumba vya mwisho wa njia, vyenye mlango mmoja uliosogezwa pembeni. Hivi vya mwisho ndivyo vyenye meko ya kuota moto na kijia cha kwenda choo ndani ya mnara. Kwa maneno mengine, vile vya kupita ni vya watu na vya mwisho ni vya wenyewe. Ngazi za kupanda juu zipo katika minara mitatu tu kati ya minane, kwa hiyo nani anafika ghorofani na kwa njia ipi lilikuwa jambo la kuamuliwa na mwenye nyumba.

Maji nayo yanashuhudia. Murge ni nchi ya mawe ya chokaa, mvua ikinyesha inanywewa na ardhi, hakuna mto wa juu. Wajenzi waliyapa mapaa mteremko wa kukusanya mvua. Maji mengine yaliingia kwenye mabirika yaliyojengwa juu katika baadhi ya minara, mengine yakashuka hadi birika kubwa lililochongwa ndani ya mwamba chini ya ua. Vyoo vya minarani viliwekwa pamoja na mfumo huo, vikiwa na maji ya kusafishia na matundu ya kutolea hewa. Katika Ulaya ya mwaka 1240, nyumba yenye choo cha ndani cha namna hiyo karibu na kila chumba cha kulala ilikuwa anasa ya ajabu. Hapa ndipo nakubali kwa roho nyeupe kwamba kaisari alijifunza kwa majirani zake Waislamu, ambao usafi wa maji ulikuwa sehemu ya maisha yao ya kila siku. Wako watafiti waliokwenda mbele zaidi wakasema jengo zima lilikuwa nyumba ya kuogea. Hapo mimi nasimama. Mabirika yanathibitisha mahitaji ya makazi, hayathibitishi zaidi ya hapo.

Na nyumba ya kuwindia? Mwenzako hajakosea sana. Federico aliandika kitabu kizima cha Kilatini juu ya kuwinda kwa ndege, *De arte venandi cum avibus*, na si kitabu cha kujifurahisha: kinachunguza mifupa, manyoya na tabia za ndege kwa jicho la mtu aliyeona mwenyewe. Misitu na uwanda wa pale vilifaa sana kwa kozi na vipanga wake. Mnara mmoja mpaka leo unaitwa mnara wa mfuga vipanga. Lakini kuwinda ni jambo alilofanya popote alipokuwa, na alikuwa na nyumba nyingi za mapumziko zilizogharimu sehemu ndogo tu ya hii. Mtu hajengi kitu kama hiki kwa ajili ya ndege.

Kuhusu nyota na namba: watu wamepima vivuli vya jua, wakapata uwiano wa dhahabu, yaani kile kipimo kinachosifiwa kwa uzuri, na tarehe za mwaka. Shida ni mbili. Kwanza, pembe nane hutoa uwiano mwingi wenyewe. Ukichagua pointi unazotaka, utapata unachotafuta. Pili, mawe mengi ya nje unayoyaona si ya mwaka 1240, yalibadilishwa katika matengenezo tangu mwaka 1879, na vipimo vya jengo havifanani kikamilifu pande zote. Hesabu ya desimali tatu juu ya ukuta uliorudishiwa mawe haina msingi. Federico alipenda elimu ya nyota, alikuwa na mnajimu wake Michael Scot, aliongea na mwanahesabu Fibonacci. Hayo ni kweli. Kuyageuza kuwa hekalu ni hatua ambayo hakuna hati inayoibeba. Kikombe cha Yesu hakistahili hata aya yake.

Yaliyotokea baadaye ndiyo yanayonihuzunisha, na sijui kama aliyewatembeza aliyasimulia. Federico alikufa mwaka 1250. Manfredi, mwanawe, akashika ufalme, akauawa vitani Benevento mwaka 1266 mbele ya Carlo I wa Anjou, aliyekuja kwa baraka za Papa. Watoto wa kiume wa Manfredi, Enrico, Federico na Enzo, walikuwa wadogo. Carlo aliwafungia Castel del Monte, katika nyumba ya babu yao. Walikulia humo wakiwa wafungwa, wakahamishwa Napoli mwaka 1299 wakiwa watu wazima. Lango lile lenye mfereji, lililowekwa kuzuia watu wasiingie, likafanya kazi ya kuzuia watoto wasitoke. Kisha, mwaka 1308, ukoo uleule wa Anjou ukafanyia harusi ya binti yake Beatrice humohumo.

Karne zilizofuata zilikuwa za kuporomoka. Ngome ilipita mikononi mwa mabwana mbalimbali, ikafika kwa ukoo wa Carafa mwaka 1552. Mwaka 1656, tauni ilipoingia Andria, familia za wakubwa zilikimbilia humo. Baadaye ilibaki wazi. Wachungaji walilala humo, na marumaru ya kuta na madirisha yaking'olewa na kubebwa. Ndiyo maana vyumba ulivyoviona vimebaki uchi wa mawe, isipokuwa nguzo na mabaki machache. Wewe umeona mifupa. Nyumba aliyoijua Manfredi ilikuwa na rangi. Serikali ya Italia iliinunua mwaka 1876 kwa lira 25,000, na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1996.

Ukirudi, basi, nenda asubuhi, jua likiwa upande wa lango kuu. Anza na jiwe jekundu na mfereji wa lango kama nilivyokueleza. Ghorofani tazama nguzo za marumaru zilizounganishwa tatutatu, na benchi la mawe linalozunguka kuta; kaa kwenye viti vya mawe vilivyo madirishani. Madirisha ya juu yana nafasi mbili, isipokuwa moja lenye nafasi tatu, na hilo linatazama upande wa Andria. Katika mnara mmoja wenye ngazi inua macho uwaone watu wadogo waliochongwa wakiwa wamechuchumaa, wamebeba mbavu za dari mabegani. Nyuso zao hazifanani. Mchongaji aliwatazama watu halisi.

Halafu usirudi Bari moja kwa moja. Shuka Trani, ambako ngome ya Federico imesimama ukingoni mwa maji karibu na kanisa kuu, utafute yale maandishi ya 1249 yenye jina la Cinardo. Siku nyingine panda treni uende Gioia del Colle, ngome ya mraba ya mawe mazito yaliyoachwa na nundu kwa makusudi. Ukishaziona tatu, andika tena, uniambie ni ipi ungependa kuizingira na ipi ungependa kualikwa.